Bando lipo, picha imeganda: jinsi mnara wa simu unavyogawa mtandao, na nani anayelipia foleni

Ramadhani iliyopita mamangu alikuwa na ada yake. Akirudi kutoka tarawehe huvua buibui, hunywa kahawa vikombe viwili vitatu, kisha huja kukaa karibu na dirisha la ukumbini na kunikabidhi simu yake. Kazi yangu ni kumpigia dada yangu aliyeko Muscat. Dada anafanya kazi katika nyumba ya watu, na wakati wake wa kushika simu ni huo tu: akishamaliza kuosha vyombo vya futari na kabla hajaitwa kuanza matayarisho ya daku. Siku nzuri ni nusu saa. Siku nyingine ni dakika kumi.

Na katika dakika hizo kumi, picha inaganda. Dada amefungua mdomo, sauti hakuna. Inarudi, inakatika, inarudi tena vipande vipande kama redio ya zamani. Mama anaigeuza simu huku na huku, anaisogeza dirishani, mwisho ananirudishia. "Hawa ni wezi," anasema. "Pesa wamekula, mtoto hawanionyeshi."

Natazama salio. Bando lipo, gigabaiti moja karibu nzima, nililonunua siku hiyo hiyo baada ya alasiri. Usiku huo naamka kwa daku, saa tisa na nusu. Simu ile ile, bando lile lile, dirisha lile lile, mnara ule ule. Nabonyeza video ya darsa, inafunguka kabla sijavuta kiti.

Sasa kama ni wizi, mbona mwizi analala saa tisa?

Nilisomea diploma ya elektroniki na mawasiliano katika chuo kimoja hapa mjini, miaka ishirini na kitu iliyopita, na tangu hapo watu wa baraza letu la Kuze wananihesabu kuwa ndiye wa kujibu maswali ya simu. Swali hili la bando nimeulizwa mara nyingi hata nimeona bora niliandike mara moja. Jibu lake lina mambo mawili ambayo watu huyatenga na hayatengeki: mtandao unavyogawanywa, na mtandao unavyotiwa bei.

Kwanza tuondoe dhana moja. Watu husema: waya za baharini zinatua hapa hapa Mombasa, vipi sisi tukose mtandao? Ni kweli zinatua. SEACOM na TEAMS ziliingia mwaka 2009, EASSy ikafuata 2010, na nyingine zimekuja baadaye. Kabla ya hapo nchi ilitegemea setilaiti, na ilikuwa polepole na ghali. Waya zikikatika tunasikia. Mei 2024 SEACOM na EASSy ziliharibika baharini huko karibu na Afrika Kusini, na Afrika Mashariki ikalemewa. Lakini hayo ni ya siku chache. Usiku wa kawaida, saa tatu, waya ni nzima. Nyuzi zile za kioo hubeba mzigo mkubwa mno, na mzigo ukizidi kampuni huongeza mitambo mwishoni mwa waya au hutandaza waya mwingine. Hewa huwezi kuitandaza nyingine. Shida ya mama iko katika mita mia chache za mwisho, kutoka mnarani hadi dirishani.

Mnara huzungumza na simu kwa mawimbi ya redio, na kila kampuni imepewa na Mamlaka ya Mawasiliano kipande chake cha masafa, kwa leseni na kwa ada. Kipande hicho hakikui kwa sababu wateja wamekuwa wengi. Chukua mnara wa 4G wenye mapana ya megahezi 20. Kwa hesabu za vitabuni, upande mmoja wa mnara (mnara wa kawaida una pande tatu) unaweza kutoa kama megabiti 150 kwa sekunde, na hizo ni za wote walio upande huo, si za kila mmoja. Simu ya video ya kuridhisha hula kama megabiti moja, na ikiwa safi zaidi hula zaidi. Na megabiti si megabaiti: bando huuzwa kwa megabaiti, kasi hupimwa kwa megabiti, na nane za hizi ndizo moja ya zile. Wauzaji hawana haraka ya kukueleza hilo.

Mtu akisikia 150 atadhani basi watu 150 watatosheka. Hawatosheki, na sababu yake ndiyo kiini cha habari yote.

Ndani ya mitambo ya mnara kuna programu ambayo wahandisi huiita skejula. Mimi nitaiita mpakuzi, maana kazi yake ni ya yule mama anayesimama na upawa mbele ya sufuria la biriani arusini. (Si ajabu Kiswahili kikachagua neno hilo hilo, kupakua, kwa kuteremsha faili kwenye simu.) Mara elfu moja kwa kila sekunde mpakuzi huangalia nani anataka nini, huyakata masafa yake vipande, vipande 100 kwa zile megahezi 20, na kusema: hivi vyako, hivi vyako, wewe ngoja. Kungoja huko ni kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, kwa hiyo mnara ukiwa na nafasi huwezi kujua kama uliwahi kungoja. Watu wakijaa, kungoja kunarundikana, na picha ya dada inaganda.

Lakini vipande havina thamani sawa kwa kila simu. Aliye karibu na mnara, hapana kizuizi, kipande kimoja humbebea data nyingi. Aliye mbali, au aliye nyuma ya ukuta mnene wa mawe ya matumbawe kama nyumba zetu za Mji wa Kale, kipande kile kile humbebea kidogo, kwa sababu mnara unalazimika kuzungumza naye polepole na kwa kurudiarudia ndipo asikie. Ni kama kumweleza jambo mzee mwenye uzito wa masikio. Maneno ni yale yale, muda ni mara kumi.

Tufanye hesabu ya watu wawili tu. Kijana amekaa barazani karibu na mnara. Akiachiwa mnara peke yake anapata megabiti 40 kwa sekunde. Mama yuko ndani, nyuma ya ukuta. Akiachiwa peke yake anapata 4. Mpakuzi afanyeje?

Anaweza kumpa kijana kila kitu. Mnara utatoa 40, ndio mwingi kabisa unaoweza kutoka, na mama hatapata hata moja. Au anaweza kuwapa sawa kwa sawa. Hilo linasikika kama uadilifu, lakini angalia matokeo yake. Ili walingane, mama itabidi apewe sehemu kumi za muda katika kila kumi na moja, na kijana sehemu moja. Kila mmoja atapata megabiti 3.6 hivi. Mnara uliokuwa na uwezo wa kutoa 40 sasa unatoa kama saba kwa jumla. Na akitokea mtu wa tatu aliye mbali zaidi, atawavuta wote chini pamoja naye. Iko na njia ya tatu: wagawane muda, nusu kwa nusu. Kijana anapata 20, mama anapata 2. Hawakulingana kwa megabiti, wamelingana kwa wakati wa mnara.

Njia hii ya tatu ndiyo iliyoshinda duniani. Mwaka 1997 Frank Kelly, mwanahisabati wa Chuo Kikuu cha Cambridge, aliiandikia hesabu yake, ikajulikana kwa jina ambalo kwa Kiswahili ningeliita uadilifu wa uwiano. Kuelekea mwaka 2000 wahandisi wa Qualcomm kule Marekani wakaitia ndani ya mitambo ya data ya simu, na minara mingi mpaka leo hutumia kanuni hiyo au jamaa zake. Ina ujanja mmoja mzuri. Mpakuzi hamlinganishi mama na kijana; anamlinganisha kila mmoja na wastani wake mwenyewe. Mawimbi hupanda na kushuka kila wakati, mtu akipita, mlango ukifungwa, lori likiegesha. Basi simu yako hupakuliwa pale inapokuwa katika hali nzuri kuliko kawaida yake, na wakati huo jirani yako, aliye katika hali mbaya, ndiye anayengoja.

Kelly alionyesha na jambo jingine ambalo ndilo lililonifanya nitake kuandika makala hii. Kama kila mtu angeamua mwenyewe alipe kiasi gani kwa kila dakika ya foleni, na mtandao ukagawa kulingana na alicholipa kila mmoja, mgawo utakaotokea ni huo huo wa uwiano. Yaani bei na mgawo ni nyumba moja yenye milango miwili. Ukibadilisha bei, umebadilisha nani anapata. Ukibadilisha mgawo, umebadilisha bei ya kweli, hata kama bango la matangazo pale Mwembe Tayari halijaguswa.

Rudi sasa kwa mama na kijana. Wote wawili wananunua kwa megabaiti. Katika mgawo wa nusu kwa nusu, mama amechukua nusu ya muda wa mnara lakini amelipia sehemu moja tu katika kumi na moja ya data iliyopita. Kwa macho ya mhasibu wa kampuni, mama ni mteja ghali. Hawamchukii, ndivyo bei ya megabaiti inavyomfanya aonekane. Dawa yake iko, nayo ni kumsogezea mnara, au kumtumia masafa ya chini kama yale ya 800, ambayo hupenya kuta na kufika mbali kuliko yale ya 1800 au 2600. Lakini kila mnara mpya ni pesa, na mhasibu atauliza: hapo wateja ni wangapi?

Swali hilo hilo likiulizwa nje ya mji, majibu yake tunayajua. Anayeishi ndani ya Tana River, au bara ya Kinango, au visiwa vya mbali vya Lamu, anajua kupanda kichuguu kutafuta laini. Huko watu ni wachache, wametawanyika, umeme ni wa jenereta au jua, na bei ya megabaiti ni ile ile ya Nairobi. Ndiyo maana sheria iliunda Mfuko wa Huduma kwa Wote, ambao makampuni ya mawasiliano huuchangia asilimia 0.5 ya mapato yao, ili minara ijengwe pale ambapo biashara peke yake haitaijenga. Mfuko huo unastahili makala yake, leo naupita.

Tuje kwenye wakati, maana hapo ndipo kitendawili cha saa tisa kinapoteguliwa.

Mnara una gharama zake: kodi ya kiwanja au paa, umeme, dizeli, leseni, mishahara ya mafundi. Zote hulipwa iwe mtu ametumia au hakutumia. Saa tisa usiku, kupitisha megabaiti moja zaidi ni karibu na bure, kwani vipande vinapita vitupu. Saa tatu na nusu baada ya tarawehe, mtaa mzima umerudi nyumbani, vijana wako kwenye mpira, kina mama wanapiga simu Arabuni, watoto wako kwenye katuni. Megabaiti ile ile sasa inamsukuma mwenzio nje. Gharama yake ya kweli ni huyo aliyesukumwa.

Anayepanda matatu ya Mtwapa jioni mvua imeanza anaijua nadharia hii bila kuisoma. Nauli ya asubuhi imeruka, makanga hata haoni haya. Na saa nne asubuhi makanga yule yule anakubembeleza kwa nusu bei, kwa sababu kiti kilichotoka stendi kitupu hakiwekwi akiba kikauzwa kesho. Sekunde za mnara ni viti hivyo. Zilizopita tupu usiku huu huwezi kuzihifadhi uzitumie Idi. Bando la usiku la bei rahisi, basi, si sadaka. Ni makanga wa saa nne asubuhi.

Wenzetu wamejaribu namna nyingi za kulitatua jambo hili. Marekani, iPhone ilipotoka mwaka 2007, AT&T waliiuza pamoja na data isiyo na kikomo. Miji mikubwa kama New York na San Francisco ikalemewa, na Juni 2010 wakaufunga mlango huo kwa wateja wapya: dola 15 kwa megabaiti 200, dola 25 kwa gigabaiti 2. Watu walilia, nami nadhani walilia kwa sababu isiyo yenyewe. Ubaya wa bei ile ulikuwa kwamba inahesabu kiasi bila kutazama saa. Aliyeteremsha sinema alfajiri, hakumsumbua mtu, alilipa sawa na aliyeteremsha saa mbili usiku akawakaba jirani zake wote.

Uganda walikwenda mbele zaidi. MTN, iliyokuwa na mpango huo pia Afrika Kusini, iliwaletea huduma iliyoitwa Zone. Punguzo la bei ya kupiga simu lilibadilika kulingana na saa na mnara uliokaribiana nao, na asilimia ya punguzo ikaonekana kwenye kioo cha simu. Mnara mtupu, punguzo kubwa. Mnara umejaa, punguzo dogo. Nampa heshima yake aliyelibuni. Mteja aliona bei kabla hajapiga, na aliona sababu yake.

Kwa upande wa data, watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, Mung Chiang na wenzake, walitengeneza mfumo walioutangaza mwaka 2012, unaomwonyesha mtu bei ya data ya saa hizi na ya saa zinazokuja, ili achague mwenyewe. Walipoujaribu kwa watu, kilele cha msongamano kilishuka, kwa kuwa baadhi ya mizigo ilihama yenyewe kwenda saa za utulivu.

Na iko hadithi ya Paris ambayo naipenda kwa urahisi wake. Mpaka mwaka 1991 treni za chini ya ardhi za mji huo zilikuwa na behewa la daraja la kwanza. Treni ni ile ile, inafika wakati ule ule, tofauti kubwa ni bei. Mwenye daraja la kwanza alinunua nini? Alinunua kutokuwepo kwa wengine. Kwa kuwa ni ghali, ni tupu, na kwa kuwa ni tupu, inafaa kulipiwa. Mwaka 1999 Andrew Odlyzko, mtafiti wa AT&T, alipendekeza mtandao ugawanywe vivyo hivyo, njia zinazofanana kila kitu isipokuwa bei. Siku zile lilionekana wazo la darasani. Leo 5G inao uwezo wa kukata mtandao mmoja kuwa njia kadhaa, kila njia na ahadi yake, na sitashangaa tukianza kuuziwa behewa la mbele.

Kuna na njia ya kutopandisha bei kabisa: kufunga mlango. Starlink waliingia Kenya Julai 2023. Kufikia Novemba 2024 walisimamisha wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani, kwa sababu uwezo wa setilaiti juu ya eneo hilo ulikuwa umejaa. Hata mbingu hujaa, kumbe.

Sasa niseme la kwangu. Mipango yote hii ya bei za saa ina dhana moja ndani yake: kwamba mtu anaweza kungoja. Kwa mizigo mingi ni kweli. Simu yangu ikijisasisha programu saa kumi alfajiri badala ya saa tatu usiku, mimi sipotezi kitu. Kijana akiteremsha sinema wakati wa daku, bora kwake na bora kwetu. Hao wakipewa bei rahisi wahame, nami naunga mkono kwa mikono miwili.

Lakini yuko asiyeweza kuhama. Mwanafunzi aliye na usiku mmoja wa mwisho wa kutuma maombi ya chuo. Dereva wa bodaboda anayepata kazi kupitia simu, na kazi iko saa za msongamano tu. Mama, ambaye saa ya binti yake imepangwa na mtu mwingine, nyumba nyingine, nchi nyingine. Ukichunguza utaona kwamba asiyekuwa na amri juu ya pesa zake mara nyingi hana amri juu ya wakati wake pia. Mwenye waya wa kioo nyumbani kwake Nyali hayumo kabisa katika foleni hii. Mnara umeachiwa wanaonunua bando la shilingi 20 na 50. Bei ya saa, ikiachwa peke yake, inamtoza zaidi yule asiyeweza kukimbia.

Kwa hiyo sisemi bei ya saa ni dhuluma, na sisemi ni uadilifu. Nasema itoke hadharani na iwe na sakafu. Hadharani, kama ile Zone ya Uganda: nione kabla sijanunua kwamba mnara wangu saa hizi umejaa, kwamba gigabaiti hii ninayouziwa saa kumi na moja jioni huenda nisiweze kuitumia kwa video hadi saa sita usiku. Hivi sasa tunauziwa kiasi na kunyamaziwa kasi. Ni kama kuuziwa tiketi ya basi isiyosema kama iko nafasi ya kukaa. Na sakafu, maana yake kila simu iliyo katika foleni ihakikishiwe kasi ndogo ya kutosha mazungumzo, hata kama sinema za wengine zitangoja kidogo. Hili si la kubuni. Mitambo ya 4G tayari hutenga njia maalumu kwa simu za sauti za kampuni yenyewe. Simu ya video ya mama, kwa kuwa inapita katika programu ya watu wengine, huhesabiwa data ya kawaida sawa na katuni.

Hapo ndipo nasitasita, nikiri. Mpakuzi akianza kubagua katuni na simu ya mama, atakuwa anachungulia tunachofanya, na leo akiwa upande wetu kesho atakuwa upande wa anayelipa zaidi. Afadhali mimi mwenye simu niwe ndiye ninayesema: hii ni ya haraka, hii ingoje. Teknolojia hiyo ipo. Isiyokuwepo ni haja ya kutupa sisi rungu hilo.

Kuhusu bando kuisha muda, hoja ya makampuni ina chembe ya ukweli: muda unawasaidia kukisia mzigo utakuja lini. Lakini data yako si samaki kwamba itaoza. Oktoba 2019, baada ya malalamiko mengi, Safaricom walianza kuuza data isiyo na muda wa kuisha, na minara haikuanguka. Kilichobadilika ni bei, kwani megabaiti isiyokwisha ni ghali kuliko ile ya siku moja. Unalipia haki ya kuchagua saa. Ninachokiogopa zaidi ni zile ofa za kila mtu na yake, wewe unaonyeshwa hii, mkeo anaonyeshwa nyingine, laini za kampuni moja, chumba kimoja. Nauli ya matatu ikipanda, angalau tunapandishiwa sote na tunalalamika sote. Ofa ya siri haina baraza la kulalamikia.

Kwa sasa, ya kufanya ni machache. Zima masasisho ya simu yasijifanye yenyewe jioni. Darsa na video nzito ziteremshe alfajiri. Ukiwa nyumba ya mawe, sogea dirishani au panda darini, utakuwa umejisaidia na umewasaidia majirani, kwa sababu kila unapousikia mnara vizuri unachukua muda wake mchache zaidi. Na simu ya video ikianza kuganda, zima picha ubakie na sauti, ambayo hula sehemu ndogo tu.

Hayo yote nilimweleza mama, usiku mmoja picha ilipoganda tena. Nilimchorea mnara nyuma ya bahasha, nikamweleza mpakuzi na upawa wake, nikamwambia saa tisa na nusu bando ni rahisi na picha ni safi kama maji ya chupa. Alisikiliza mpaka mwisho, ana subira mamangu. Kisha akauliza:

"Na tajiri wa dadako naye umeshamweleza?"